Chris Evert au Martina Navratilova: wote wana mataji 18, umchague nani?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla watoto hawajafika, namwagia uwanja maji kisha naburuta mkeka juu yake mpaka udongo mwekundu ulale sawasawa. Wiki chache zilizopita, nikiwa katikati ya shughuli hiyo, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alisimama nje ya uzio akaniita.

"Mwalimu, za asubuhi. Huyu binti anashinda kwenye simu anaangalia tenisi, leo huyu, kesho yule. Nitajie mtu mmoja tu wa kumwangalia, aige kwake, asichanganyikiwe."

"Mama, nipe nafasi ya wawili," nikamjibu. "Halafu mchague wenyewe."

Nikamtajia Chris Evert na Martina Navratilova. Hakuwahi kumsikia hata mmoja, na simlaumu. Binti yake ana miaka 11, na wanawake hao walikutana uwanjani kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1973, mjini Akron, Ohio. Lakini sijaona wawili wengine katika tenisi wanaofaa kuwekwa mizanini kama hawa. Walicheza wao kwa wao mechi 80 katika muda wa miaka 15, na kati ya hizo 60 zilikuwa fainali. Tangu orodha ya ubora wa wanawake ilipoanza kupangwa kwa kompyuta mwaka 1975 hadi Agosti 1987, namba moja haikutoka mikononi mwao ila kwa wiki kama 23 hivi. Na walipomaliza, kila mmoja alikuwa na mataji 18 ya mchezaji mmoja mmoja ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka: Wimbledon, Roland Garros ya Paris, US Open na Australian Open. Kumi na nane kwa kumi na nane.

Nianze na hesabu, maana watu wengi huishia hapo.

| | Evert | Navratilova |
|---|---|---|
| Grand Slam, mmoja mmoja | 18 | 18 |
| Wimbledon | 3 | 9 |
| Roland Garros | 7 | 2 |
| US Open | 6 | 4 |
| Australian Open | 2 | 3 |
| Fainali za Grand Slam, mmoja mmoja | 34 | 32 |
| Grand Slam, wawili wawili wanawake | 3 | 31 |
| Grand Slam, wawili mchanganyiko | 0 | 10 |
| Wiki akiwa namba moja | 260 | 332 |
| Mechi alizoshinda walipokutana wao kwa wao | 37 | 43 |

Ukiangalia jedwali hilo haraka utasema Martina, kisha ufunge simu. Subiri kidogo. Kuna mambo matatu au manne ambayo jedwali halisemi, na mojawapo linapindua mstari wa mwisho karibu wote.

Binti wa mwalimu na binti aliyeondoka kwao

Chris alizaliwa mwaka 1954 huko Fort Lauderdale, Florida. Baba yake, Jimmy Evert, alikuwa mwalimu wa tenisi kwenye viwanja vya umma vya Holiday Park, viwanja vya udongo. Watoto wake watano wote walishika raketi. Chris alipoanza alikuwa mdogo na mwepesi, na raketi ya mbao ya siku zile ilikuwa nzito. Upande wa kushoto, kwenye pigo tunaloliita bekihendi, mkono mmoja haukutosha, akashika kwa mikono miwili. Baba yake alidhani akikua na kupata nguvu ataacha. Hakuacha. Leo ukimwona msichana anayepiga bekihendi kwa mkono mmoja unageuka kumtazama tena, na sababu kubwa ni yule mtoto wa Florida ambaye wasichana wa dunia nzima walimwangalia wakaiga.

Kitu cha pili alichokipata kwa baba yake ni uso. Chris hakuonyesha hasira wala furaha mpira ukiendelea. Waandishi wa Marekani walimbandika majina ya barafu. Nadhani walimkosea, kwa sababu ndani hakuwa baridi hata kidogo. Alijua tu kwamba mpinzani akikuona umekata tamaa, umempa pointi ya bure. Septemba 1971, akiwa na miaka 16 tu, aliingia US Open kwa mara ya kwanza. Katika raundi ya pili Mary Ann Eisel alikuwa na nafasi sita za kumaliza mechi, na Chris akazizima zote sita, akashinda. Akaendelea hadi nusu fainali, ambako Billie Jean King ndiye aliyemsimamisha.

Martina alizaliwa mwaka 1956 mjini Prague, akakulia mji mdogo wa Řevnice. Bibi yake aliwahi kuwa mchezaji, na aliyemfundisha yeye ni baba yake wa kambo, Miroslav Navrátil, ambaye ndiye aliyempa jina la ukoo tunalomjua nalo. Alitumia mkono wa kushoto, na tangu utotoni hakupenda kungoja mpira nyuma ya uwanja. Alitaka kuufuata wavuni akaumalize.

Tatizo lake halikuwa tenisi. Czechoslovakia wakati ule ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti, na safari zake za nje ziliamuliwa na wakubwa wa nyumbani. Septemba 1975 alifika nusu fainali ya US Open akapoteza kwa nani? Kwa Chris. Kisha akaenda ofisi za uhamiaji mjini New York kuomba abaki Marekani. Alikuwa na miaka 18. Nyuma aliacha mama, baba na mdogo wake wa kike, bila kujua atawaona lini.

Naliweka jambo hili kwenye ulinganisho kwa makusudi. Mmoja alirudi nyumbani kila baada ya mashindano, akapumzika, akarekebishwa bekihendi na baba yake kwenye uwanja uleule aliojifunzia. Mwingine alikuwa peke yake katika nchi ya watu, hana uraia mpaka 1981. Siwezi kusema taji moja la Martina lihesabiwe kama mawili kwa sababu hiyo. Ila mtu akiniambia Martina alichelewa kushinda, kwamba alipata Wimbledon yake ya kwanza mwaka 1978 wakati Chris alishaanza kukusanya mataji tangu 1974, namkumbusha kilichokuwa mabegani mwake.

Namna mbili za kuucheza mpira

Chris alikaa nyuma. Alipiga mpira chini chini, mrefu, karibu na mstari, mara ya kumi kama mara ya kwanza, mpaka mpinzani akachoka au akakimbilia wavuni kwa pupa. Ukikimbilia wavuni ndipo alipokuwa mkali zaidi, maana bekihendi ile ya mikono miwili ilijificha hadi sekunde ya mwisho, hujui kama atakupitisha pembeni au ataupaisha mpira juu ya kichwa chako. Sevu yake, pigo la kuanzisha pointi, ilikuwa ya kawaida tu. Voli zake, mipira inayopigwa kabla haijadunda, ziliboreka baadaye, lakini hakuna aliyekuwa akienda kutazama voli za Chris.

Martina alikuwa kinyume chake. Anapiga sevu ya mkono wa kushoto inayomtoa mpinzani nje ya uwanja, anaifuata mbele, anapiga voli, pointi imeisha. Kwenye nyasi za Wimbledon, ambako mpira huteleza na hauruki juu, hapakuwa na dawa. Alicheza fainali tisa mfululizo pale, kuanzia 1982 hadi 1990, na kwa jumla akachukua mataji tisa, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa mmoja mmoja, mwanamke au mwanamume, aliyeifikia.

Kwenye udongo mambo yanageuka. Udongo unaupunguza mpira kasi na kuurusha juu, na anayekaa nyuma anapata muda wa kumlenga aliye wavuni. Kuanzia Agosti 1973 Chris alishinda mechi 125 mfululizo kwenye udongo. Karibu miaka sita bila kupoteza hata moja! Aliyeikata nyuzi hiyo ni Tracy Austin, mjini Rome, Mei 1979, kwa taibreki ya seti ya tatu, yaani gemu ya kuamua seti iliyofika 6-6. Chris akarudi akashinda nyingine 72 mfululizo. Nimefundisha kwenye udongo miaka mingi, na najua siku ambazo mpira unagonga mstari ukabadilika njia, siku za upepo, siku mguu unateleza. Kupita katika yote hayo kwa miaka sita ni jambo ambalo kila nikilifikiria nashindwa kulizoea.

Ile 43 kwa 37

Sasa mstari wa mwisho wa jedwali. Martina aliongoza kwa mechi sita, na katika fainali za Grand Slam walizokutana, 14, alishinda 10. Wengi wanasema mjadala umeisha hapo.

Lakini angalia walikutania wapi. Kati ya mechi 80, 35 zilichezwa ndani ya ukumbi, kwa sababu wakati wa baridi mashindano ya wanawake Marekani yalikuwa yakifanyika ndani, kwenye zulia la kasi. Huko Martina alishinda 21 na Chris 14. Kwenye nyasi Martina aliongoza 10 kwa 5. Kwenye udongo, nyumbani kwa Chris, walikutana mara 14 tu, na Chris akashinda 11. Ukichukua mechi zote za nje, juani na upeponi, Chris ndiye anayeongoza: 23 kwa 22.

Kwa nini udongo ulikuwa mara chache hivyo? Sehemu ya jibu ni kalenda. Sehemu nyingine, na hii ndiyo inayonigusa, ni kwamba Chris karibu kila mahali alifika hatua za mwisho, hata kwenye viwanja visivyomfaa, na huko mwisho akamkuta Martina akimngoja. Alifika fainali za Wimbledon zikiwa ni nyasi tupu, akapoteza kwa Martina mara tano. Angekuwa mchezaji dhaifu zaidi kwenye nyasi, akatolewa mapema, mstari ule wa jedwali ungekuwa mzuri zaidi kwake. Tunamhesabia makosa kwa kuwa imara. Hilo si haki, na anayetaka kuchagua kwa namba moja pekee asichague kwa hiyo.

Na kuna mashindano ambayo hayakuchezwa. Kuanzia 1976 hadi 1978, katikati ya zile mechi 125, Chris hakwenda Roland Garros. Alikuwa amejifunga na ligi ya timu ya Marekani iliyochezwa msimu uleule. Martina naye hakuonekana Paris miaka hiyo. Australia wote wawili waliikwepa mara nyingi, ilikuwa mbali na zawadi zake hazikuvutia. Siku zile mtu hakuhesabu mataji makubwa kama tunavyohesabu leo. Siongezi taji ambalo mtu hakulicheza, lakini mtu akiniambia Chris angekuwa na 20 au 21 sitabishana naye.

Kilele na uwanda

Hapa ndipo pa kuchagua kwa kweli, kwa maoni yangu. Unapenda mlima mrefu au uwanda wa juu usio na mwisho?

Uwanda ni Chris. Miaka 13 mfululizo, kuanzia 1974 hadi 1986, hakukosa angalau taji moja la Grand Slam kila mwaka. Katika Grand Slam 34 za kwanza alizocheza maishani, zote alifika nusu fainali au zaidi. Zote. Ilipokatika, Wimbledon 1983, ilikuwa katika raundi ya tatu dhidi ya Kathy Jordan. Kwa jumla alicheza Grand Slam 56, na katika 52 alifika angalau nusu fainali. Alishinda karibu mechi 90 kati ya kila 100 alizocheza. Alishinda US Open mara tatu ikichezwa kwenye udongo huko Forest Hills, mwaka 1978 mashindano yakahamia uwanja mgumu wa Flushing Meadows, akashinda tena. Walibadilisha ardhi chini ya miguu yake na yeye akabaki palepale.

Mlima ni Martina, na mlima huo una bonde kabla yake. Mwaka 1981, katika fainali ya Amelia Island, Florida, kwenye udongo, Chris alimfunga 6-0, 6-0. Fikiria mchezaji aliyeshinda Wimbledon mara mbili, hapati hata gemu moja. Nancy Lieberman, mchezaji wa mpira wa kikapu, alikuwa karibu naye wakati huo, na hakumficha: kipaji kipo, kazi haipo. Wakaanza kukimbia, kunyanyua vyuma, kubadilisha chakula. Renée Richards akaingia kumfundisha mbinu. Wachezaji wa kike wa wakati ule hawakuwa wakijenga mwili namna hiyo, na watu walisema maneno mengi mabaya juu ya mikono yake yenye misuli. Aliendelea.

Mwaka huohuo wa 1981 alimtoa Chris katika nusu fainali ya US Open, akapoteza fainali kwa Tracy Austin katika taibreki ya seti ya mwisho. Wakati wa kutoa zawadi watu wa New York walimpigia makofi marefu, yeye akalia. Miezi michache kabla alikuwa amepata uraia wa Marekani. Mwaka ule pia ilijulikana hadharani kwamba anapenda wanawake, jambo ambalo wachezaji wengi wangelificha, na yeye mwenyewe amesema lilimkosesha mikataba ya matangazo.

Kilichofuata hakijarudiwa. Kwa miaka mitatu, 1982, 1983 na 1984, alicheza mechi 260 akapoteza sita. Mwaka 1983 alipoteza moja tu, kwa Kathleen Horvath, huko Paris. Alitwaa Grand Slam sita mfululizo. Mwaka 1984 alishinda mechi 74 bila kupoteza, mpaka Helena Suková alipomkatiza Australia, na Chris, aliyekuwa bado yumo kama kawaida yake, akamshinda Suková kwenye fainali. Martina alimfunga Chris mara 13 mfululizo. Walipomaliza Wimbledon 1984 mizani ilikuwa sawa kabisa, 30 kwa 30, baada ya miaka ya mwanzo ambayo Chris alikuwa mbele kwa mbali.

Wengine wangesema asante wakaondoka. Chris alikuwa anakaribia miaka 30, tayari tajiri, tayari na jina. Yeye akaingia chumba cha mazoezi ya viungo, kitu ambacho hakuwahi kukipenda, akaacha raketi ya mbao akachukua ya grafaiti, akaanza kusogea mbele pale ambapo miaka yote alikaa nyuma. Mwanzoni mwa 1985 akaikata ile nyuzi ya 13. Juni akamkuta Paris.

Paris, 1985

Kama una muda wa mechi moja tu, angalia hii. Chris alichukua seti ya kwanza 6-3. Ya pili alikuwa karibu kuimaliza, Martina akainyakua kwa taibreki. Ya tatu ikafika 5-5, sevu ya Chris, na Martina akaongoza 0-40. Nafasi tatu za kuvunja sevu, yaani kushinda gemu ambayo Chris ndiye anayepiga sevu, na baada ya hapo angebakiza gemu moja tu kuwa bingwa. Tazama uso wa Chris katika dakika ile. Hakuna kitu. Anadunda mpira, anapiga sevu yake ileile ya kawaida, anacheza pointi moja, kisha nyingine, kisha nyingine, na gemu inakuwa yake. Gemu iliyofuata, pointi ya mwisho, Martina anakuja wavuni kama alivyokuja maelfu ya mara, mpira unaelekea bekihendi ya Chris, na Chris anaupitisha sambamba na mstari wa pembeni. 7-5.

Ushindi ule ulimrudisha namba moja. Mwaka uliofuata walikutana tena kwenye fainali ileile, Martina akashinda seti ya kwanza 6-2, Chris akazichukua mbili zilizobaki 6-3, 6-3. Lilikuwa taji lake la 18 na la mwisho. Alikuwa na miaka 31.

Nawaambia watoto: yule Chris wa 1985 alijengwa na Martina. Na yule Martina wa 1982 alijengwa na 6-0, 6-0 ya Chris. Huwezi kumtoa mmoja ukabaki na mwingine mzima.

Wawili wawili

Kuhusu hili sitachukua muda mrefu kwa sababu hapana ushindani. Martina ana mataji 31 ya Grand Slam ya wawili wawili wanawake na 10 ya mchanganyiko, na ukijumlisha yale 18 unapata 59. Yeye na Pam Shriver walishinda mechi 109 mfululizo, na mwaka 1984 walitwaa Grand Slam zote nne. Taji lake la mwisho, mchanganyiko wa US Open 2006 akiwa na Bob Bryan, alilipata akiwa amebakiza mwezi mmoja na kitu kutimiza miaka 50.

Watu huona wawili wawili ni mchezo wa pembeni. Kwa mtoto wa kwetu si hivyo hata kidogo. Angella Okutoyi wa Kenya alipobeba taji la wasichana Wimbledon mwaka 2022, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam kwa vijana, lilikuwa la wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mlango ulifunguka upande huo. Kwa hiyo ninapomwonyesha binti voli za Martina sifanyi mapambo.

Chris naye ana mataji matatu ya wawili wawili. Mawili kati ya hayo, Paris 1975 na Wimbledon 1976, alishinda akiwa na mwenzake aitwaye Martina Navratilova. Baadaye Chris aliuvunja ushirika huo, na ameeleza mwenyewe sababu: Martina alikuwa anamjua kupita kiasi.

Hata hivyo urafiki haukufa. Ndoa ya kwanza ya Chris ilipovunjika, Martina alimkaribisha kwake Aspen, na huko ndiko Chris alikokutana na Andy Mill, aliyekuja kumuoa. Julai 1986 walivaa rangi moja wakaenda Prague na timu ya Marekani kucheza Kombe la Shirikisho, mashindano ya timu za taifa za wanawake. Martina alikuwa hajakanyaga mji aliozaliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wake walimshangilia, na katika fainali dhidi ya Czechoslovakia Chris alishinda mechi yake, Martina akashinda yake, na kombe likaenda Marekani. Miaka ya karibuni wote wawili wamepambana na saratani, Chris kuanzia mwishoni mwa 2021, Martina mara ya pili mwaka 2023, na kila mmoja alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwa karibu na mwenzake.

Basi umchague nani

Ukiuliza kazi ya nani ilikuwa kubwa zaidi, nitasema Martina, kwa unywele. Sisemi kwa sababu ya 43 kwa 37, nimeshaeleza ninavyoiona. Nasema kwa sababu ya ile miaka mitatu ya mechi sita tu zilizopotea, kwa sababu ya wawili wawili, na kwa sababu alijivunja akiwa tayari bingwa akajijenga upya.

Ukiuliza nani wa kumwangalia mtoto anayeanza, hasa mtoto anayejifunza kwenye udongo kama wangu, nasema Chris bila kusita. Mtoto wa miaka 11 hana kimo cha sevu ya Martina wala miguu ya kufika wavuni kwa wakati, atapitishwa pembeni mpaka achukie mchezo. Lakini anaweza kugeuza bega mapema, kushika raketi kwa mikono miwili, kurudisha mpira mmoja zaidi ya mwenzake, na kutotupa raketi chini. Hayo yote ni ya Chris. Akifika miaka 14 au 15, mwili ukikubali, mpeleke wavuni kwa Martina.

Na kama mtoto ni wa shoto, au ni yule asiyeweza kutulia nyuma hata umwambieje, usimlazimishe. Huyo ni wa Martina tangu siku ya kwanza.

Mama wa yule binti niliandikia hivi kwenye karatasi: kwanza fainali ya Paris 1985, yote, bila kurukaruka. Kisha fainali ya Wimbledon 1978, Martina anapotoka nyuma 2-4 katika seti ya tatu na kushinda 7-5. Mwisho Paris 1986. Nikaongeza chini: kila pointi ikiisha usiangalie mpira, angalia miguu ya yule ambaye mpira haukuwa kwake.

Jumamosi iliyofuata binti alifika mapema, nikiwa bado naburuta mkeka. Hakusalimia hata. "Mwalimu," aliniambia, "ile 0-40, alijuaje apige wapi?" Nikaweka mkeka chini, nikamwambia achukue raketi, asimame kwenye mstari wa nyuma.